Hilo Koti Ni la Mume Wangu!

"Vua! Hilo koti ni la mume wangu!"

Hapo ndipo tulipomwacha msichana wetu wiki iliyopita, kasimama juu ya meza ya kukatia nguo, katikati ya duka, macho ya wanawake wote yamemchoma kama sindano kwenye mto. Wiki nzima mmenisumbua. Amevua? Hajavua? Kuna mama mmoja kanifuata mpaka kwenye foleni ya maji, ndoo kichwani, kunidai jibu.

Hajavua. Na angevuaje? Chini ya koti lile, alilokuwa ameligeuza gauni, alikuwa na shimizi tu, tena shimizi yenyewe ina dirisha nyuma.

Wewe uliyechelewa, sogea nikuweke sawa. Msichana huyu wanamwita Kiraka, na jina limemkaa kuliko alilopewa. Hajawahi kuvaa nguo kama alivyoikuta. Shati la mwanamume kwake ni sketi, tai ni mkanda, foronya ni blauzi. Nguo zake anaziokota kwenye mitumba, anazifumua, anaunganisha hii na ile, zinazaliwa upya. Akipita mtaani watu hugeuka. Wengine hucheka. Hao hao wakifika nyumbani hufunga mlango, wakajifunga tai ya mume kiunoni, wakajitazama kwenye kioo.

Siku hiyo Madamu, mwenye duka kubwa la nguo, alikuwa anatafuta fundi wa kukalia cherehani ya tatu. Kila anayekitaka kiti alete nguo moja aliyoishona mwenyewe, aivae, apande mezani atazamwe. Nguo itakayoshinda ikae kwenye dirisha la mbele, mshonaji akae kwenye kiti.

Kiraka alikitaka kiti kile kuliko chakula. Nyumbani anashonea cherehani ya Shangazi yake, ambayo ukiikanyaga inalia kama mbuzi anayeogeshwa. Na Shangazi alishatoa neno: akikosa kiti, Jumatatu anakwenda naye kazini kufagia ofisi, kwenye sare ya kijani. Sare! Kumvika Kiraka sare ni sawa na kumziba kasuku mdomo.

Basi akaja na koti la kijivu la kiume alilogeuza gauni. Mikono kaifanya mifuko mikubwa ya mapajani. Mgongoni kapasua, katia kitambaa cha manjano chenye maua. Vifungo saba, hakuna kinachomjua mwenzake. Wanawake wakaanza kunong'ona kwa uzuri, mpaka Madamu aliposimama, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, akapiga ule ukelele wake.

"Nimelinunua," alisema Kiraka.

"Umelinunua wapi?"

"Kwenye mitumba. Kwa yule muuzaji, Bei ya Jana."

"Mitumba?" Madamu akarudi nyuma kama aliyeambiwa kuna panya. "Mitumba ndani ya duka langu? Hapa nguo hutoka kwenye kartoni, ndani ya nailoni, hazijaguswa na mtu!"

"Nguo isiyoguswa na mtu ina raha gani, Madamu?"

"Usinijibu! Angalia tundu la kifungo cha tatu. Lina uzi wa rangi gani?"

Kiraka akaangalia, ingawa hakuwa na haja. Tundu lile ndilo lililomfanya alipende koti lile. Matundu yote ya kijivu, hilo moja la zambarau.

"Zambarau," alisema taratibu.

"Nililishona mimi kwa mkono wangu, siku uzi wa kijivu uliponiishia! Mume wangu ni daktari wa meno. Koti liliibwa kliniki kwake. Mgonjwa alikuja kung'olewa jino, akatoka na koti."

"Basi si mimi. Mimi sijawahi kung'olewa jino."

"Fungua mdomo."

"Madamu..."

"Fungua mdomo, nimesema!"

Kiraka akafungua.

Wanawake wakanyoosha shingo. Upande wa kulia, juu, palikuwa na pengo. Pengo jeusi, kubwa, la kupitisha kidole.

"Haya!" Madamu akapiga makofi. "Koti hili hapa, pengo hili hapa! Siku za mwizi arobaini!"

"Pengo hilo ni la kifungo!"

Aliyesema hivyo alitokea nyuma, anapenya kati ya watu kwa kiwiko. Alikuwa Shangazi. Alitoka kazini moja kwa moja, bado yumo kwenye sare yake ya kijani, na ufagio hakuwa na pa kuuacha.

"Kifungo gani?"

"Anakata nyuzi kwa meno! Mwaka juzi kang'ata kifungo cha chuma, jino likabaki kwenye koti. Nimemwambia makasi yapo, hasikii. Na wewe mama, usimchungulie mtoto wa watu mdomoni kama unanunua punda."

Watu wakacheka. Madamu hakucheka. Shangazi naye akasogea mezani, akainua macho, na uso wake ukabadilika.

"Hebu geuka."

"Shangazi, si sasa."

"Geuka nikuone mgongo. Mbona maua hayo nayajua?"

"Shangazi, tafadhali."

"Pazia langu la chumbani!"

"Si ulisema limechakaa?"

"Nilisema limechakaa, sikusema litembee!"

Hapo hata wale mafundi wawili wa Madamu wakaficha nyuso nyuma ya cherehani zao. Lakini kicheko hakimwokoi mtu. Madamu alikuwa ameshatoa simu.

"Namwita mume wangu. Na huyo Bei ya Jana aitwe. Akisema amekuuzia, tutazungumza. Akikataa, unatoka hapa mikononi mwa polisi."

"Hapo kwenye mitumba nakuunga mkono," Shangazi alimwambia Madamu, japo hakuombwa. "Mimi na mitumba tuligombana kabla huyu hajazaliwa. Kila siku namwambia, hasikii."

"Shangazi, uko upande gani?"

"Upande wa pazia langu."

* * *

Daktari wa meno akatangulia kufika. Mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kukuambia hutasikia maumivu wakati wewe unaona koleo. Alivaa koti la kahawia lenye kola pana, limemkaa kama alizaliwa nalo.

"Mwone mume wangu," Madamu aliwaambia wateja. "Lilipoibwa la kijivu, akaenda duka kubwa kule mjini akanunua hilo. Jipya! Tena bei yake kakataa kuniambia."

Daktari akakohoa. Akamwona Kiraka mezani. Akaliona koti lake la kijivu lilivyokuwa gauni. Midomo ikamcheza, na ningekuwa sijui ninayoyajua ningesema alitaka kutabasamu.

Halafu akaingia Bei ya Jana, na tabasamu la Daktari likakauka.

Bei ya Jana ni yule muuza mitumba wa nyuma ya duka. Anaitwa hivyo kwa sababu ukimwambia bei imepanda, yeye hujibu, "Wewe nipe ya jana." Rundo lake alilirithi kwa mama yake. Mbele hakuna mlango wala ukuta, mteja anainama hadharani, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini nyuma kuna turubai, na nyuma ya turubai kuna njia nyembamba. Njia hiyo ni ya wateja wasiotaka kuonekana. Na sheria ya Bei ya Jana ni moja: mteja wa turubai hasalimiwi njiani, hajulikani, hajawahi kuzaliwa.

"Unamjua msichana huyu?" Madamu aliuliza.

"Namjua. Mteja wangu wa mbele."

"Ulimuuzia koti hili?"

Bei ya Jana akamtazama Kiraka. Kisha macho yakahama, yakaangukia nyuma ya bega la Madamu. Pale Daktari alikuwa kaweka kidole midomoni, halafu, Madamu alipogeuka, akajifanya anachokonoa jino.

"Koti?" alisema Bei ya Jana. "Makoti ni mengi. Hili... hapana. Silikumbuki. Hapana."

"Bei ya Jana!" Kiraka alipiga kelele. "Si ulinipa kwa mkono wako? Siku ya kufungua robota! Nilikuwa nimechagua koti la kahawia, nikalifunga uzi, nikaenda nyumbani kuchukua pesa. Nikarudi, halipo. Ukaniambia samahani binti yangu, watu walikuwa wengi, chukua hili la kijivu badala yake!"

Uzi aliousema Kiraka ni desturi ya rundo lile. Ukipenda nguo na mfuko bado mtupu, unaifunga uzi wako kwa ndani, ndiyo imeshikwa, haiuzwi kwa mwingine mpaka urudi. Kila mtu na fundo lake.

Bei ya Jana akaangalia sakafu. Jasho lilimtoka kama mtu anayetapishwa siri.

"Silikumbuki," alirudia, kwa sauti ndogo.

"Yamekwisha," alisema Madamu. "Polisi sitaki, nina wateja. Lakini lifumue hapahapa. Mikono irudi kuwa mikono, hilo pazia litoke, mume wangu apate koti lake lilivyokuwa. Ukimaliza, mlango ule pale. Na kiti usikitazame tena."

Kiraka akashuka. Akaingia chumba cha kujaribia nguo, akavua, akatoka amejitanda shuka jeupe la meza ya kukatia. Alilifunga bega moja, kakaza kiunoni kwa futi ya kupimia, ncha moja ikaning'inia. Mke wa mwokaji mikate, mteja mkubwa wa Madamu, akamnong'oneza jirani yake, "Hata shuka!"

Msichana akakaa chini, wembe mkononi. Fundi anayefumua kazi yake ni kama mama anayemnyoa mtoto aliyemsuka jana. Akakata mshono wa kwanza. Akakata wa pili. Shangazi, aliyekuwa akililia pazia, akageuzia uso ukutani.

"Jumatatu nitakuazima sare yangu ya akiba," alisema kwa upole. "Ni kubwa kidogo."

"Shangazi, nguo ya kuazima haisitiri makalio."

"Hiyo inasitiri mpaka magoti."

Kiraka akacheka huku machozi yanamdondokea kwenye bitana.

"Mikono irudi kwa kipimo chake," alisema Madamu. "Mume wangu, vua hilo la kahawia upimwe."

"Hakuna haja," alisema Daktari haraka. "Kuna baridi."

"Jasho linakutiririka unasema baridi? Vua!"

Akamvua mwenyewe, kama avuliwavyo mtoto aliyerudi kucheza topeni, akamtupia Kiraka koti. "Litundike, taratibu, hilo si mitumba."

Kiraka akalishika koti kolani alitundike. Vidole vyake vikapita kwa ndani, chini ya kola.

Vikasimama.

Akaligeuza. Kwenye bitana, penye kitanzi cha kutundikia, palikuwa na uzi wa manjano. Mafundo mawili, na juu yake kikunjo kimoja kilichosimama kama sikio la sungura.

Msichana akapanda mezani, na shuka lake, na futi yake, akaliinua koti juu.

"Hilo koti ni langu!"

* * *

"Ama kweli!" Madamu alishangaa. "Sasa mwizi anamwita mwenye mali mwizi!"

"Ndilo koti nililolifunga uzi! Uzi wangu huu hapa! Fundo langu!"

"Uzi ni uzi, kila mtu ana uzi."

"Subiri kwanza." Alikuwa Shangazi. Aliweka ufagio chini, akalichukua koti, akaligusa fundo kwa ncha ya kidole. "Mafundo mawili na sikio. Hili fundo ni la kwetu. Ndilo ninalofungia gunia la mkaa, ndilo ninalofungia banda la kuku. Halijui mtu mwingine ila mimi na huyu niliyemfundisha. Mtazameni viatu."

Watu wakainama kutazama viatu vya Kiraka. Kamba moja nyekundu, moja ya bluu. Kila kiatu: mafundo mawili, na sikio la sungura.

Madamu akageuka taratibu kumwelekea mumewe. Yule mtu mrefu alikuwa amejikalia kwenye kiti cha cherehani ya tatu, kile kile kinachogombewa, magoti yamegonga meza.

"Duka kubwa la mjini?" Madamu aliuliza.

"Mke wangu..."

"Jipya?"

"Daktari," alidakia Bei ya Jana, anapangusa uso kwa shati la mtoto alilokuwa nalo begani, "mimi nimejitahidi mpaka mwisho. Mungu shahidi."

Daktari akavuta pumzi kama anayejing'oa jino mwenyewe.

"Nilikwenda kwa njia ya turubai. Robota limefunguliwa, nikaliona la kahawia. Nikavua langu nilijaribu. Unapovua, unaliweka wapi? Nikaliweka hapo, juu ya rundo. Nikawa najitazama kwenye kile kioo chake kilichovunjika. Nikalipa. Mara nikaona mke wa mwokaji anakuja..."

"Mimi?" alisema mke wa mwokaji, akashika kifua. "Nilikuwa napita tu!"

"...nikakimbia. Nimefika kliniki ndipo nikakumbuka langu limebaki kwenye rundo. Narudi, limeshapata mwenyewe."

"Na mimi nilipomuuzia la kahawia sikutazama uzi ndani ya kola," alisema Bei ya Jana. "La kijivu nalo, nguo ikilala kwenye rundo langu, ni ya rundo."

"Kwa hiyo hakuna mgonjwa?" Sauti ya Madamu ilikuwa nyembamba kama uzi. "Hakuna mwizi?"

"Mgonjwa alikuwepo. Ila aliondoka bila jino, si na koti."

"Na uzi wa manjano hukuuona?"

"Nilidhani ni pambo."

Nami nawaambia, wasomaji wangu, nimeona ndoa nyingi zikitikisika kwa mambo makubwa, sijaona iliyotikisika kwa sikio la sungura. Wanawake wote wakasogea mbele hatua moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilikuwa nguoni kweli.

"Kwa nini?" Madamu aliuliza. "Nina duka zima. Nakuvisha. Unakosa nini?"

Daktari akainama. Akavuta suruali yake juu, mguu mmoja, kisha wa pili. Soksi moja ilikuwa ya kijani yenye mistari. Nyingine nyekundu, ina samaki.

"Hizo..." Madamu alizinyooshea kidole.

"Chini ya suruali huwezi kuziona. Kila Jumamosi nakwenda, mke wangu. Nainama, nachagua mwenyewe. Unanivisha vizuri, sikatai. Lakini kijivu, kijivu, kijivu! Wagonjwa wananiita Wingu. Mtoto mmoja aliniuliza kama nitanyesha."

Aliyecheka kwanza alikuwa mke wa mwokaji. Akafuata Shangazi. Halafu kicheko kikashika duka zima, mpaka sanamu la dirishani likayumba. Madamu alisimama katikati, midomo kaibana, mabega yanaanza kutikisika, hujui ni hasira au ni nini. Akajitazama. Sketi ya kijivu. Blauzi ya kijivu. Viatu, navyo.

"Kijivu hakirudishwi na mteja," alisema, kama anayejitetea mbele ya hakimu. "Ndiyo maana nakiuza." Na hapo kicheko kikamtoka, kikubwa, cha msichana, ambacho mafundi wake wawili hawakuwahi kukisikia.

"Samahani," alisema mke wa mwokaji, akimshika Kiraka shuka. "Mimi mume wangu ana makoti matatu, na tumbo lililoyakataa yote. Unaweza kunitolea gauni?"

"Naweza kukutolea gauni na mkoba."

"Na mimi nina pazia!" akasema mwingine.

"Pazia liwe la kwako," alisema Shangazi.

Madamu akaacha kucheka. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara, hata machozi ya kicheko yakiwa mashavuni sikio lake linasikia mteja. Akaokota gauni la kijivu, akaitazama ile mishono miwili iliyokatwa.

"Irudishe," alimwambia Kiraka. "Hii mishono. Gauni linakwenda dirishani. Koti la kahawia mwachie Daktari, koti kwa koti, mmelipana bila kujua."

"Na kiti?"

"Mume wangu, ondoka kwenye kiti cha watu."

Mnasikia? Kiraka alimrukia Shangazi, wakazunguka pamoja, shuka na sare, nyeupe na kijani, ufagio ukaanguka. "Jumatatu sare utavaa peke yako!" alipiga kelele msichana. Shangazi akamsukuma, eti anaumizwa, huku anajifuta macho kwa kola.

"Unajua," alimnong'oneza, "mimi pia niliwahi kufunga uzi kwenye rundo lile. Enzi za mama yake Bei ya Jana. Nikaenda kuchukua pesa, nikarudi nikakuta hewa. Ndiyo maana sikanyagi pale."

"Ulifunga nguo gani, Shangazi?"

"Si kazi yako."

* * *

Hadithi ingeishia hapo, mkalale. Lakini Madamu hakuwa amemaliza.

Alipanda ngazi za stoo, akashuka na sanduku. Akaliweka juu ya meza ya kukatia, akapuliza vumbi.

"Kiti nimekupa kwa gauni la koti," alisema. "Ila kitakuwa chako kabisa kwa kazi hii. Hili nilivaa siku moja tu ya maisha yangu, na tangu hapo limelala. Kuanzia leo sivai kijivu. Lizalishe upya, lipate rangi, niweze kulivaa hata dukani. Likitoka mikononi mwako likiwa hai, hakuna atakayekuondoa kwenye cherehani ile. Likifa, hatujuani."

Akafunua. Lilikuwa gauni la harusi. Jeupe, limegeuka kidogo rangi ya maziwa, vifungo vidogo vidogo vinashuka mgongoni mpaka kiunoni kama matone. Wanawake wakasema aah kwa pamoja.

"Mume wangu ndiye aliyeninunulia," alisema Madamu, na kiburi cha zamani kikamrudia kidogo. "Kutoka kwenye kartoni."

Kiraka akafanya afanyavyo kila fundi, akaligeuza nje ndani ili aone mishono. Akapitisha mkono shingoni.

Mkono ukasimama.

Ndani ya kola, kwenye kitanzi, palikuwa na uzi mweusi uliochujuka kwa miaka. Mafundo mawili. Na sikio la sungura.

Msichana akalifunika kwa kiganja. Akakitazama kiti cha cherehani ya tatu. Akamtazama Madamu.

"Madamu... uzi huu?"

"Ah, huo! Usiukate. Mume wangu aliniambia nguo za ghali huja zimefungwa hivyo. Ni wa bahati."

Daktari, aliyekuwa akivaa koti lake la kahawia, alikuwa kaingiza mkono mmoja tu. Mkono wa pili ukaning'inia mtupu. Akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, soksi ya samaki kwanza.

"Toa kiganja," alisema Shangazi.

"Shangazi, naomba. Kiti changu."

"Toa kiganja, mwanangu."

Kiraka akatoa.

Shangazi alilitazama fundo lile kwa muda mrefu. Hakugusa. Kisha mwanamke huyu anayeogopa hata kupanda kigoda kubadilisha taa, akavua ndala zake, akaweka goti la kwanza mezani, akaweka la pili, akasimama wima juu ya meza ya kukatia nguo, na sare yake ya kijani, akanyoosha kidole.

"Hilo gauni ni langu!"